Amplifaya ya hedifoni kuendesha amplifaya ya spika

SWALI: Amplifaya yangu ya hedifoni imeandikwa wati 2 kwa omu 32. Je, inafaa kuwa priamplifaya (kifaa cha mbele chenye kitufe cha sauti) ya amplifaya ya spika nyumbani? Nimeijaribu: chumba kinajaa sauti kabla kitufe hakijafika robo ya mzunguko, na spika ya kushoto inaizidi ya kulia.

JIBU: Inafaa sana, ndugu msomaji. Amplifaya za spika kwa kawaida zina ukinzani wa kilo-omu 10 hadi 47 pale muziki unapoingilia, mzigo mwepesi mno kwa mashine iliyoundwa kusukuma omu 32. Kinachokusumbua ni volti kuzidi. Wati 2 kwenye omu 32 ni volti 8, ilhali amplifaya nyingi za spika hufika kikomo kwa volti 1 hadi 2 tu. Kwa hiyo unabaki mwanzoni kabisa mwa kitufe, na hapo ndipo pande mbili za potenshiomita, kifaa kilicho ndani ya kitufe, hutofautiana zaidi. Spika zako hazina kosa.

Anza na swichi ya geini, yaani kiwango cha kukuza muziki, kwenye amplifaya ya hedifoni; iweke chini. Isipotosha, punguza volti kwa rezista mbili kila upande: ya kilo-omu 3 ikatize waya wa muziki, na ya kilo-omu 1 itoke baada yake, upande wa amplifaya ya spika, kwenda ardhi (waya wa pamoja wa kebo). Volti 8 zitashuka hadi 2, na kitufe kitapanda hadi katikati, pande zinapolingana. Chukua rezista za usahihi wa asilimia 1, uzichomelee upande wa amplifaya ya spika.

Waya ni wa plagi ya stirio ya milimita 6.35 kwenda RCA mbili: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Tundu la XLR la pini 4 na lile la milimita 4.4 usiyaguse kwa kazi hii! Humo kila upande una nyaya mbili zenye muziki. Adapta ya RCA huunganisha mmoja na ardhi, ikawa shoti, na amplifaya inaweza kuungua.

Kabla ya kuunganisha, iwashe dakika 10 bila muziki, kisha pima volti za DC (umeme usiogeuka mwelekeo) kwenye plagi kwa multimita, ncha na shina, halafu pete na shina. Milivolti chache si neno. Zikipita 20, ipeleke kwa fundi kwanza: amplifaya ya spika isiyo na kapasita ya kuzuia DC mlangoni huzizidisha takriban mara 20, kwa hiyo milivolti 50 huwa volti 1 inayokaa kwenye koili ya spika muda wote.

Kuwasha: ya hedifoni kwanza, subiri nusu dakika, ndipo ya spika. Kuzima: ya spika kwanza. Plagi usiichomeke wala kuichomoa amplifaya ya spika ikiwa inawaka, maana ncha na pete hugusana na vyuma vya tundu zikipita, na mshindo wake unaweza kuua twita, spika ndogo ya sauti nyembamba.