Msiizike redio bado

Mvua hizi za Mombasa zimenijaza kazi. Wiki iliyopita zililetwa redio nane kibandani kwangu Kisauni, na sita kati yake hazikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa gari. Nalitaja hili mapema kwa sababu barua nyingi za mwezi huu zinaanza na "redio yangu imekufa", na mwenyewe keshaulizia bei ya nyingine.

Swali: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni dereva wa matatu, HiAce. Nimefunga amplifaya na spika kubwa ya besi. Injini ikiwaka kunatoka mlio kama mbu sikioni. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Niliuziwa filta, nikaifunga, na mlio uko pale pale. Sasa naambiwa ninunue amplifaya nyingine. – Dereva, Mtopanga

Fundi: Aleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini ni wa alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka. Umeme wa alteneta haujanyooka kama wa betri, una mawimbi madogo madogo, na hayo yamepata tundu la kuingilia kwenye muziki wako. Kazi ni kulitafuta tundu.

Zima kila kitu, kisha chomoa zile nyaya mbili za muziki, nyekundu na nyeupe, upande wa amplifaya. Washa injini, washa na redio. Mlio ukinyamaza, amplifaya ni nzima na uchafu unakuja na nyaya hizo. Ukiendelea, kagua umeme na athi ya amplifaya yenyewe, yaani waya inayorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Ninachokikuta mara nyingi ni nyaya za muziki zimelazwa chini ya zulia pamoja na waya nene ya betri, zimezungushiwa tepu kama mapacha. Zitenganishe. Ya betri ipite upande wa dereva, za muziki upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane kama njia panda, zisilale ubavu kwa ubavu.

Kisha athi, na hapa nitakiri la kwangu. Kuna mteja nilimwambia amplifaya yake imeungua ndani. Akanunua mpya, nikaifunga, mlio ule ule! Kumbe skrubu ya athi nilikuwa nimeikaza mimi mwenyewe juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Athi ikiwa mbaya, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudia, na njia iliyo karibu ni ganda la nyaya za muziki. Pesa zake nilimrudishia kidogo kidogo, na aibu juu. Tangu siku hiyo napiga msasa mpaka chuma king'ae, natia pete yenye meno, nakaza, halafu napaka grisi, maana Mombasa chuma kilicho wazi hakichelewi kuliwa na chumvi. Waya ya athi iwe na unene sawa na ile inayotoka kwenye betri, na iwe fupi, isizidi nusu mita. Usiifunge kwenye boliti ya mkanda wa kiti. Boliti ile ina kazi yake.

Na maadamu zulia umeshalifunua, ikwangue ile waya nene kwa kisu. Ukiona ndani ni nyeupe, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme mchache kuliko shaba ya unene huo huo, na hewa ya bahari huimaliza upesi. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli, kwa volti 12, huvuta zaidi ya ampea 40, bado sijahesabu zinazopotea kwa joto. Waya nyembamba hapo hugeuka pasi.

Fyuzi ya waya hiyo iko wapi? Hukuniambia. Nyingi nazikuta zimewekwa huko nyuma karibu na amplifaya, ambako zinailinda amplifaya na kuliacha gari. Iweke karibu na betri, ndani ya nusu mita. Waya ikichubuka katikati ya safari ikagusa bodi, bila fyuzi hiyo ni moto, na wewe umebeba abiria 14. Filta irudishe dukani, kama watakubali.

Swali: Mwanangu, redio mpya ya gari langu inasahau. Kila nikizima gari, saa inarudi mwanzo na stesheni zote zinapotea. Aliyenifungia anasema ati ni tabia ya redio za Kichina. – Bibi wa wajukuu watano, Likoni

Fundi: Shikamoo, mama. Wachina wamesingiziwa. Nyuma ya redio yako kuna waya ya manjano na waya nyekundu. Manjano hupata umeme saa zote, ndiyo inayoshika saa na stesheni. Nyekundu hupata umeme ukizungusha ufunguo. Kijana amezibadilisha, au zote mbili amezifunga kwenye ufunguo. Mwambie atoe ufunguo, apime kwa mita ile inayobaki na volti 12, manjano aiunge hapo. Asifuate rangi za nyaya za gari, kila kampuni ina rangi zake. Ni kazi ndogo na asikutoze tena.

Akitaka kuzifunga zote mbili moja kwa moja kwenye betri, kataa. Redio itaendelea kunywa betri usiku kucha, na asubuhi gari halitawaka hali foleni ya feri inakungoja.

Swali: Gari langu limetoka Japani. FM inaishia 90. Nimefungiwa kile kidude cha kuongeza masafa, sasa Baraka FM naisikia kwenye 83.5, na stesheni za 104 na 106 sizipati kabisa. Kidude kibovu? – Msomaji, Tudor

Fundi: Kizima kabisa. FM ya redio za Japani za aina yako ni 76 hadi 90, na yetu ni 87.5 hadi 108. Kidude hicho huzishusha stesheni zetu ziingie kwenye dirisha la Mjapani. Baraka FM iko 95.5 na wewe unaisikia 83.5, basi chako kinashusha kwa 12. Toa 12 kwenye 104 upate 92. Dirisha limeshapitwa. Ukitafuta cha kushusha 18, ya 104 itakuja kwenye 86 na ya 106 kwenye 88, lakini za chini ya 94 utazikosa. Hakuna kidude cha kukupa zote, kwa sababu dirisha lenyewe ni dogo. Orodhesha unazozisikiliza kweli, ndipo ununue. Au badilisha redio. Kwa gari lako singekulaumu.

Swali: Nimeweka redio ya kioo kikubwa. Muziki wa simu ni safi ajabu, lakini FM inakwaruza hata hapa Nyali. Antena ni ile ya pezi la papa. – Msomaji, Nyali

Fundi: Kwanza chomoa chaja ya simu, kisha usikilize. Usicheke, chaja za bei rahisi hupiga kelele juu ya FM kuliko injini. Kama si hiyo, antena yako imelala. Pezi la papa ni fupi, kwa hiyo mengi yana kikuza mawimbi ndani yake, nacho kinataka volti 12 kutoka waya ya buluu nyuma ya redio. Mafundi huiacha ikining'inia, wakidhani ni ya antena za zamani zilizokuwa zikipanda na kushuka. Ikiwa imefungwa na bado inakwaruza, fungua pezi utazame shina lake. Ukiona ukijani kwenye shaba, maji yameingia. Safisha kwa spiriti, badilisha na mpira wa chini.

Swali: Nilibadilisha betri ya Toyota yangu, sasa redio inaandika Kijapani na kudai namba. Nimejaribu namba nyingi. Ndani yake palikuwa na kadi ndogo, niliitoa nikaitia kwenye kamera ya harusi. – Msomaji, Changamwe

Fundi: Acha kubahatisha. Redio zile za ramani hujifunga umeme ukikatika, ni kinga dhidi ya wezi. Namba hutokana na tarakimu za redio yako mwenyewe, kwa hiyo ya jirani haikufai. Piga picha kioo kinavyoonyesha, umpelekee fundi anayezifungua. Siku nyingine ukitoa betri, fundi aunge kwanza betri ya pembeni, redio isijue kilichotokea. Kadi hiyo ndiyo yenye ramani, na redio nyingi za aina hiyo hazikubali kuwaka bila yake. Itoe kwenye kamera leo, kabla ya harusi nyingine, na uombe iwe hukuifuta kupata nafasi ya picha.