Barua kwa Mwanangu Neema, juu ya Jina la Mjukuu na Herufi N

Nyakato, Mwanza

Mwanangu Neema,

Salamu zenu zimefika, na mama yako na mimi tunamshukuru Mungu kwamba kipimo kimeonyesha mtoto yu salama na kwamba safari hii ni msichana. Unasema kwamba kwa kuwa wewe ni Neema, mume wako ni Nelson na mjukuu wangu wa kwanza ni Noeli, mmekubaliana kwamba huyu anayekuja naye lazima jina lake lianze na N, na unaniuliza lipi zuri zaidi kati ya Nadia, Nayla na Noela. Najua ulitarajia nikujibu kwa simu palepale. Jambo lenyewe ni zito kwangu kuliko nafasi ya ujumbe wa simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nianze na hayo matatu usije ukasema nimeyakwepa. Noela ni jina la mtoto wa Krismasi, na huyu wenu, Mungu akipenda, atazaliwa mwezi wa tatu. Tena litagongana na la kaka yake, mtu akiita uani waitike wote wawili. Nayla lina sauti tamu, lakini nimekwisha kuliona limeandikwa kwa namna tatu tofauti, na wewe unakumbuka kaka yako Mabula alivyohangaika baada ya shule aliyosoma kumwandika Mabura: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, mpaka akala kiapo mbele ya wakili kwamba Mabula na Mabura ni mtu mmoja. Nadia sina ubaya nalo, ila silijui. Sijui nani katika ukoo wetu, au katika ukoo wa Nelson, amewahi kuitwa hivyo, na hapo ndipo ninaposimama.

Umenisikia nikisema tangu ukiwa mdogo kwamba jina lazima liwe na mwenyewe. Mtoto akija kuuliza kwa nini anaitwa hivyo, awepo mtu wa kusimuliwa, au kama si mtu basi iwepo siku, au iwepo mvua. Shangazi yako Kabula alizaliwa katika mvua kubwa za mwaka 1961, zile ambazo wazee huziita mvua za Uhuru, ziwa lilipoanza kupanda na miaka michache baadaye likawa limepanda zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba ya watu wa ufukweni. Mbula kwetu ni mvua, na hakuna anayemwita Kabula bila kuyagusa hayo yote, hata kama hajui. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa nikiita mahudhurio darasani na ndani yake wamo akina Uhuru, na baadaye wakaja akina Azimio, watoto wa mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipotangazwa. Na yule jirani yetu aliyempoteza dada yake MV Bukoba ilipozama Mei 1996, si alimpa bintiye jina la marehemu? Watu walimwonya kwamba anamtwika mtoto msiba. Yule binti amekua mcheshi kuliko wenzake wote mtaani, na kila mtu anapomwita, dada wa watu anatajwa pamoja naye.

Herufi, mwanangu, haina mwenyewe. Herufi huonekana kwenye karatasi tu. Anayemwita mtoto kutoka ng'ambo ya uwanja haoni herufi yoyote, anatoa sauti ya jina zima. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu ya kwanza niliposoma ujumbe wako, na nilikuwa karibu kukuandikia kwamba mwache kabisa huo mpango wa N. Kisha nikajibishana na nafsi yangu. Je, sisi Wasukuma hatufungi watoto kwa majina? Mapacha wakizaliwa ni Kulwa na Doto, wawe wa kike au wa kiume, na anayewafuata ni Shija, na mtu akisikia Shija anajua mara moja kwamba mbele yake walipita mapacha. Jina la mmoja linamvuta mwenzake. Kama nyinyi mnataka watoto wenu wajuane kwa N, mnafanya kwa kalamu kile ambacho babu zetu walifanya kwa utaratibu wao, na sina haki ya kukiita kigeni. Basi N ibaki. Lakini hata ndani ya N jina liwe na mwenyewe, na hapo msidai kwamba hakuna la kuchagua, maana N ndiyo herufi iliyojaa kuliko zote kwetu: kuna Nyamizi, kuna Nkwimba, kuna Nshoma, kuna Ngolo, kuna Nyanjige wa mwaka wa nzige. Na kuna Nyanzala.

Nimelitaja, na sasa siwezi kulipita.

Jina hilo lilikuwa lako. Ulizaliwa Septemba 1995, mwezi uleule ambao Getrude Mongella wa Ukerewe alikuwa akisimamia mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, na mama yako, kwa kuwa ni Mkerewe na redio ilikuwa haizimwi, alitaka uitwe Getruda. Nilimwambia kwamba mtoto wa kwanza wa kike katika nyumba yangu ataitwa jina la mama yangu, na kwamba hilo halina mjadala. Akakubali, kwa shingo upande kidogo. Siku zile ulikuwa unalia usiku hadi alfajiri, na wanawake wakasema unalilia jina, na mimi niliamini kabisa ni lipi unalolilia.

Siku ya kukutoa nje bibi yako alivuka kutoka Sengerema. Leo watu wanapita juu ya Daraja la Magufuli kutoka Busisi hadi Kigongo, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, na wanavuka wakizungumza mambo mengine. Wakati ule alishinda juani akisubiri kivuko, na kichwani alikuwa na kapu la michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ya kumpa mama yako ili maziwa yatoke. Aliketi, akakupokea, akakuweka mapajani. Nami nikasimama mbele ya watu nikasema mtoto huyu ni Nyanzala.

Ndipo mmoja wa wageni wa upande wa mama yako, ambaye amekwisha kutangulia mbele za haki na simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika: mtoto wa siku hizi atabebaje jina la njaa? Ataolewa na nani? Wachache wakacheka. Si kwa ubaya mkubwa, nadhani, lakini walicheka, na mama yangu alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka.

Alizaliwa mwaka ambao mtama ulikauka ukiwa mashambani, na wazazi wake wakamwita kwa mwaka huo, maana nzala kwa Kisukuma ni njaa. Angeweza kukaa na jina hilo kama kovu. Badala yake aliishi kama mtu aliyeapa kwamba njaa haitamkuta tena hajajiandaa: sijawahi kukiona kihenge chake kitupu, sijawahi kuuona msimu ambao hakuanika viazi na kuvundika muhogo wa udaga, hata miaka ya mavuno mazuri ambapo majirani walimwona anajisumbua. Mwaka 1974, mvua ilipokatika na watu ndio kwanza wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine wakiwa wameacha chakula chao katika maboma ya zamani, ni udaga wa mama yangu uliolisha nyumba jirani hadi unga wa mahindi ya njano ulipoletwa. Hakuna aliyelicheka jina lake mwaka huo. Walikuja na vibakuli wakimwita kwa jina hilohilo.

Nilifungua kinywa kuyasema hayo. Yeye akainua mkono kuninyamazisha, akakuangalia, akasema: "Njaa yangu inatosha. Huyu mwiteni Neema." Watu wakapiga vigelegele, mama yako akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na jambo likaisha. Kesho yake nilikwenda kuandikisha Neema.

Miaka yote hii sijapata kujua kama aliyasema kwa moyo wake au kwa sababu wale watu walicheka. Alipokuwa hai sikumwuliza, kwa kuwa mtu hamhoji mama yake juu ya jambo alilolimaliza mbele ya wazee. Kuna siku naamini kwamba alikuwa ameshalitayarisha jina lako njiani, akiwa juu ya kivuko, na kwamba alikuja na zawadi mbili, kapu na jina. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kuna siku nyingine naikumbuka ile sauti yake, ilivyokuwa ya chini kuliko kawaida yake, na damu yangu inachemka kama vile kicheko kile ni cha jana. Hata wewe hukunyamaza baada ya kuitwa Neema. Uliendelea kulia usiku kwa muda, na mama yako anasema lilikuwa tumbo tu.

Unaona basi kwamba jina lako nalo lina mwenyewe, aliyekupa ndiye mwenyewe, na silijutii. Kila nikikuita namsikia yeye. Ila jina lake mwenyewe halina mtu sasa. Watoto wa Kabula wamepewa majina ya ukoo wa baba yao, kama ilivyo haki yao, na Mabula ana wavulana watupu. Ndiyo maana uliponiandikia herufi N, sikuona Nadia wala Nayla.

Jambo moja la kuzingatia, maana najua Nelson atasema mtoto anaweza kuwa na majina mengi. Katika vyeti vyetu hana. Jina la kati litakuwa la Nelson na la mwisho litakuwa la baba yake Nelson, kwa hiyo katika majina matatu yatakayoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, na baadaye shuleni na kwenye kitambulisho cha taifa, nyinyi mnachagua moja tu. Jina la nyumbani lipo, naam, na wengi wetu tumekuzwa nalo, lakini jina la nyumbani hufa pamoja na waliokuwa wakilitamka nyumbani. Kama kuna jina mnalitaka liishi, liandikeni.

Sitakuamulia. Mtoto ni wa ukoo wa Nelson, na baba yake Nelson ana neno la kusema kabla yangu. Hilo nalijua na ninaliheshimu. Tena mama yangu alisema njaa yake inatosha, na kama alimaanisha, basi mimi ni nani nimrudishie mjukuu wake kile alichokitua mwenyewe? Lakini kama hakumaanisha? Nimeandika sentensi moja hapa kisha nikaikata, kwa kuwa ilikuwa imeanza kuwa amri, na wewe ni mtu mzima mwenye nyumba yako. Nitasema tu kwamba Nyamizi nalo ni jina zuri, hakuna atakayelicheka, na alikuwepo Nyamizi, dada yake bibi yako, aliyemlea mama yangu walipofiwa na mama yao. Huyo naye ana ya kusimuliwa.

Mketi na Nelson, mwaulize pia wazee wa kwao wana akina nani wa N, maana huenda upande ule yupo bibi ambaye sisi hatumjui na anasubiri kuitwa. Mkishaamua, usiniandikie. Nipigie, ulitamke, kabla hamjakwenda kuandikisha. Mama yako anakuja huko mwishoni mwa mwezi wa pili, atakaa hadi utakapopata nguvu, na matobolwa ameshaanza kuyaandaa. Msalimie Nelson, na mwambie Noeli kwamba babu amepokea ile picha aliyoichora ya samaki.

Ni mimi baba yako.