Kabla ya droni, anzeni na ghala la vipuri

Machi 2025, vita ikiwa imepamba moto, Marekani ilisitisha kwa muda kuipa Ukraine taarifa za kiintelijensia. Kampuni ya Maxar nayo ikawafungia Waukraine picha za setilaiti walizokuwa wakizipata kupitia mpango wa serikali ya Marekani. Septemba mwaka huohuo Microsoft ilikizimia kitengo kimoja cha Wizara ya Ulinzi ya Israel baadhi ya huduma za wingu (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) na akili mnemba, baada ya gazeti la The Guardian na wenzake kufichua hifadhi kubwa ya mazungumzo ya simu ya Wapalestina yaliyonaswa. Kwa maoni yangu Microsoft walichelewa, ila hilo ni la siku nyingine. Ninachotaka mkione ni kwamba majeshi mawili yenye uzoefu mkubwa yalijikuta swichi ameishika mtu mwingine. Anayetaka kulijengea jeshi letu akili mnemba aanze na somo hilo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza mifumo ya lugha kwa wateja wanaovaa sare, kwenye mitandao isiyogusa intaneti. Sitasema ni akina nani. Wanaoniomba ushauri ni wa aina mbili: vijana waliotoka chuo wanaotaka kuunda droni zinazojiongoza, na maafande wanaotaka kitu wanachokiita "ChatGPT yetu wenyewe". Wote huwa nawapeleka ghalani kwanza.

Ghalani ndiko jeshi linakopotezea siku zake. Gari limelala kwa sababu ya beringi, na beringi hiyo ipo kambi nyingine, imeandikwa kwenye leja kwa jina ambalo fundi wa kambi ya kwanza halitumii. Hapo mashine ina kazi ya kweli: kutambua kwamba "fani belti", "mkanda wa feni" na namba fulani ya kiwandani ni kitu kimoja, kisha kukadiria kipi kitaisha kabla ya masika. Kazi hiyo haihitaji kompyuta kubwa, inafanyika kwenye laptopu. Data ni yenu tangu siku ya kwanza. Modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa data, ikikosea, hasara ni safari ya bure ya lori, na timu imejifunza. Tanzania ina mfano wake wa zamani katika hili: kituo cha Nyumbu pale Kibaha kilichobuni lori la nchini miaka ya 1980. Walioshughulika na lori lile wanajua kuliunda ni nusu ya kazi, na kuliweka barabarani mwaka hadi mwaka ndiyo nusu ngumu.

Baada ya ghala, lugha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mgeni hawezi kutusaidia hata akitaka.

Modeli ya Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi, ilipotolewa mwaka 2022 ilikuwa imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kiswahili kilipata sehemu ndogo mno ya saa hizo. Tangu hapo watu wamejitolea sauti zao kwenye mradi wa Common Voice, na watafiti wa Masakhane wamefanya kazi ya kupigiwa mfano kwa lugha za Afrika. Tumia kazi zao, ila usidhani zinatosha. Sauti iliyorekodiwa kwa simu chumbani haifanani na sauti ya redio ya upepo inayokatika, jenereta ikinguruma nyuma. Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Askari wa Tanzania walianza kuhudumu mashariki mwa Kongo kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Mwanakijiji anayewaeleza jambo kule atasema "batu" mahali ambapo Mtanzania angesema "watu", ataingiza Kifaransa na Kilingala katikati, na modeli iliyofunzwa kwa taarifa za habari za Dar es Salaam itaandika upuuzi kwa kujiamini kabisa.

Kwa hiyo rekodi kwa redio ileile itakayotumika, nje, kwenye upepo na kelele zake. Tafuta wasemaji wa Mtwara, Kigoma, Unguja, Bukavu, kisha waombe ridhaa yao kwa maandishi hata kama ni askari wanaoweza kuamriwa. Kila kipande kiandikwe na watu wawili wasioonana, na wakitofautiana aamue wa tatu. Na usipime kwa wastani wa maneno yaliyokosewa peke yake. Wastani unaficha mambo. Modeli inaweza kupatia kila "kwamba" na kila "halafu", kisha ikakosea namba na majina ya mahali, ambavyo ndivyo kamanda anavyovihitaji. Isiyoujua mji wa Sake, kulekule mashariki mwa Kongo, itaandika "saka" na kuendelea na safari. Namba na majina yapimiwe peke yake, na matokeo yake yatangulie kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Kuhusu modeli ya msingi, msihangaike kuanza sifuri. Chukueni iliyo wazi, yaani ambayo yeyote anaweza kuipakua, muiendeleze kwa Kiswahili, lakini someni leseni kwa makini kama mnavyosoma hati ya kiwanja. Mwaka 2024 Reuters iliripoti kwamba watafiti wenye uhusiano na jeshi la China walitumia Llama, modeli ya Meta wenye Facebook, kuunda chombo cha kijeshi, wakati masharti ya Meta yalikataza matumizi hayo. Siku chache baadaye Meta ikatoa ruhusa kwa mashirika ya ulinzi ya Marekani. Sisi hatukuwa kwenye ruhusa hiyo. Modeli zenye leseni huria ya Apache 2.0, kama Mistral 7B yenye namba za ndani takribani bilioni saba, hazina kikwazo cha namna hiyo. Modeli ya ukubwa huo ikibanwa hadi kila namba ichukue biti nne inaingia kwenye takribani gigabaiti tano, hivyo kompyuta moja ya kawaida yenye kadi nzuri inaiendesha.

Jihadharini na mnachokipakua. Faili la modeli la aina ya pickle linaweza kubeba amri zinazojiendesha pale unapolifungua, kwa hiyo dai aina ya safetensors, isiyobeba amri. Data nayo inaweza kutiwa sumu: utafiti uliotolewa Oktoba 2025 ulionyesha nyaraka 250 tu zilitosha kupandikiza tabia fiche kwenye modeli, iwe ndogo au kubwa kiasi. Kila faili linaloingia liandikwe daftarini limetoka wapi, nani kalileta, na alama yake ya utambulisho ni ipi. Inachosha, najua.

Chipu hatutengenezi, na hilo lisitutie aibu. Ufaransa, yenye nguvu zake zote, mwaka 2024 iliwapa Orange na kampuni ya Kimarekani ya Hewlett Packard Enterprise kazi ya kuijengea wizara yake ya ulinzi kompyuta kubwa ya siri isiyounganishwa na intaneti. Mnachoweza ni kuorodhesha kila kitu mnachomtegemea mtu mwingine, kununua akiba yake mapema, na kujua mtafanya nini kikikatwa.

Sasa usalama. Kila mkutano utasikia "tutatenga mtandao", kana kwamba waya ukishakatwa kazi imekwisha. Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa 2010, iliharibu mashine za kurutubisha urani za Natanz nchini Iran, mahali palipokuwa pametengwa, na inaaminika iliingia kwa flashi. Makao makuu ya Umoja wa Afrika pale Addis Ababa yalipewa jengo zuri na China mwaka 2012. Mwaka 2018 gazeti la Le Monde likaandika kwamba data zilikuwa zikisafirishwa kila usiku kwenda Shanghai. China ilikanusha. Vyovyote iwavyo, somo la zawadi zenye seva ndani liko wazi.

Ila nilichokiona kwa macho ni cha kawaida zaidi, na kinanitisha zaidi. Sehemu moja mfumo rasmi wa kufupisha nyaraka ulikuwa salama kweli: nywila tatu, chumba kimoja, foleni, jibu baada ya dakika kadhaa. Karani ana barua ya kurasa tisa na bosi anaitaka saa hiyo. Akatoa simu mfukoni, akaipiga barua picha, akaipeleka kwenye programu ya bure ya kigeni. Alikuwa mfanyakazi hodari tu, wala hakuwa na nia mbaya. Wahandisi wa Samsung walifanya yanayofanana na hayo mwaka 2023 walipobandika msimbo wa kampuni kwenye ChatGPT, na kampuni ikapiga marufuku. Marufuku peke yake haisaidii. Mfumo wa ndani ukiwa mgumu kuliko simu ya karani, simu itashinda kila siku, na siri zitatoka kwa nia njema. Ndiyo maana kwenye bajeti ya usalama natenga fungu la wasanifu wa skrini, na huwa nakaa na makarani kabla sijakaa na majenerali.

Kuhusu silaha zinazojichagulia shabaha, msimamo wangu ni mfupi: msijenge. Desemba 2024 nchi 166 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono azimio la kuendeleza mazungumzo kuhusu silaha hizo, tatu zikapinga. Mtu aliyeona modeli ikiandika "saka" hahitaji azimio kumshawishi.

Kinachoua miradi hii zaidi ya yote ni uhamisho. Afisa aliyeelewa mfumo anapangiwa kambi nyingine, kijana aliyeifunza modeli anapata kazi Dubai, na seva inabaki chumbani ikiwaka taa bila mwenyewe. Kwa hiyo siku hizi kwenye mikataba yangu naweka kipengele kimoja nisichokubali kijadiliwe: kabla ya malipo ya mwisho, askari wawili ambao hawakushiriki kwenye ujenzi wanafungiwa chumbani na data, mwongozo wa Kiswahili na mashine tupu. Waifunze modeli upya mpaka ifikie kiwango kilichokubaliwa, mimi nikiwa nje na simu yangu imezimwa. Wakishindwa, mwongozo unarudi kwangu kuandikwa upya, kwa gharama yangu.