Barua kwa mwanangu: wauliza kama tulitiwa kasumba

Mwanangu Zuhura,

Voisi noti yako nimeisikiza, mamako pia ameisikiza, akacheka akasema huyu mtoto kakurithi maswali. Kama nimekuelewa wauliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, ati sisi wa enzi za Moi tulitiwa kasumba mpaka tukawa kazi yetu ni kuimba na kupiga makofi. La pili, kama serikali zinaficha mambo kiasi hiki basi kwa nini usiamini kila kinachozunguka kwa simu, kwamba bandari imechukuliwa na Mchina, kwamba chanjo ni za kuwafunga wanawake kizazi. Nakujibu kwa maandishi manake kwa simu wewe hukatiza.

Kasumba ilikuwepo, sitakudanganya. Shule ya msingi tukisimama paredi tulikula kiapo cha utiifu kwa rais na taifa, watoto wa miaka minane, utiifu wenyewe hatujui ni mnyama gani. Kulikuwa na maziwa ya Nyayo, yaja kwa pakiti ya pembe tatu, kwa jua la Mombasa saa nyingine yafika vuguvugu, twanywa huku twaambiwa ni zawadi ya Baba Moi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetwambia hizo ni pesa za ushuru wa kina babu yako waliokuwa wakibeba magunia bandarini. Redioni taarifa ya habari inaanza na Mtukufu Rais, leo kafungua nini, kahutubia wapi, hata kama siku hiyo nchi imezama kwa mafuriko yeye ndiye wa kwanza. Picha yake kila duka, kwa kinyozi, kwa muuza mahamri.

Lakini sasa ngoja. Huyo huyo babu yako aliyekuwa na picha ya rais sebuleni, usiku akifunga dirisha anashusha sauti ya redio mpaka inabidi atie sikio karibu, anasikiza idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London, na akisikia jina la mtu aliyewekwa ndani anatugeukia sisi watoto anasema "nyinyi hamjasikia kitu". Huyo utasema ametiwa kasumba? Alijua vizuri sana. Watu wengi walijua. Ule msako wa 1986 wa watu wa Mwakenya, kundi la siri lililompinga Moi, watu wakichukuliwa na kupelekwa Nyayo House kule Nairobi, seli ziko chini ya jengo ambalo juu yake wananchi wapanga foleni za ofisi za serikali, hayo yalinong'onwa miaka mingi kabla ya zile seli kufunguliwa watu wazione 2003, Moi ameshatoka. Kilichotushika kilikuwa hofu, halafu hofu ikakaa sana ikawa mazoea, mtu anajua na anajifanya hajui mpaka akija kuulizwa na mwanawe hana hata maneno ya kusimulia. Ukiniuliza mimi hilo ni baya kuliko kasumba, manake aliyetiwa kasumba akionyeshwa ukweli angalau atashtuka.

Haya, la pili. Serikali huficha? Huficha, na nitakupa mfano wa pwani yetu hii hii. Tarehe 3 Machi 1959 pale Hola, Tana River, mahabusu 11 waliofungwa kwa mambo ya Mau Mau walipigwa virungu mpaka wakafa kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Serikali ya mkoloni ikatoa taarifa, sikiza vizuri hapa, kwamba vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji kutoka kwa gari la maji. Maji! Maiti zilipopasuliwa zikakutwa na majeraha ya kipigo, na mwaka huo huo maneno yakafika bunge la Uingereza kukawaka moto. Halafu wakoloni walipokaribia kuondoka 1963 wakapakia mafaili kama 1,500 ya Kenya wakayapeleka kwao, mengine wakayachoma, na hayo yaliyosafirishwa yakafichwa miaka na miaka mpaka 2011 ndipo ikakubaliwa kwamba yapo, yamewekwa mahali paitwa Hanslope Park. Yalitoka kwa sababu wazee wetu waliokuwa wameteswa walikwenda kortini London, na wanahistoria wakawa wasema kuna makaratasi yamekosekana, yako wapi. 2013 Uingereza ikasema inasikitika na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Na usidhani ni mzungu peke yake. Mau Mau ilibaki kundi haramu kwa sheria za Kenya huru, chini ya Kenyatta na chini ya Moi, hadi 2003. Miaka 40 bendera ni yetu, na mzee aliyepona Hola hana ruhusa ya kuunda chama na wenzake kwa jina hilo.

Sasa itazame hiyo siri ilivyo. Haina mambo makubwa ya kutawala dunia. Ni watu wamefanya jambo la aibu, wanaogopa kushtakiwa na kulipa, wanaandika taarifa ya uongo ya kijinga halafu wanaficha faili. Siri nyingi za serikali nilizowahi kuzisikia zikithibitishwa ni za sampuli hiyo, aibu ama pesa. Na zote zilikuwa na tarehe, zilikuwa na mahali, na kulikuwa na mtu aliyeumia ambaye unaweza kumuuliza.

Tuje kwa bandari, hapa nakujua utachangamka. Mkataba wa mkopo wa reli ya SGR ulisainiwa 2014 na benki ya Exim ya China, reli ya kutoka hapa mpaka Nairobi ikaja kutajwa kuwa ya shilingi bilioni 327, na mwananchi anayelipa hilo deni hakuruhusiwa kuuona mkataba. Mwisho wa 2018 ikavuja barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu yasema mali ya mamlaka ya bandari iko hatarini, na Mombasa nzima ikalipuka: bandari imewekwa rehani, bandari imeuzwa, Mchina anakuja kuchukua funguo. Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, akakaa na waandishi hapa hapa Mombasa akasema mkataba utatolewa. Haukutolewa. Ilibidi wanaharakati wa Okoa Mombasa wapeleke serikali kortini, Mei 2022 mahakama kuu ya Mombasa ikaamuru stakabadhi zitolewe, ikapita miezi, serikali ikabadilika, Novemba ndipo waziri mpya wa uchukuzi, Murkomen, akaweka baadhi mtandaoni.

Na ndani mlikuwa na nini? Hakuna pahali pameandikwa bandari imeuzwa. Lakini kuna kifungu cha kuficha mkataba wenyewe, kuna kwamba mkigombana kesi inaamuliwa Beijing kwa sheria za China, na kuna kwamba Kenya imejivua kinga yake ya kutoshtakiwa. Halafu kuna ule mpango mwingine wa bandari kulihakikishia shirika la reli mzigo wa kutosha, usipotosha bandari inafidia. Hapo sasa ndipo palipotuumiza sisi! Ndiyo maana makontena yakalazimishwa yapande treni, wenye malori wakaegesha, mayadi yakafunga, ofisi niliyokuwa nikifanya ya kutoa mizigo tukabaki watatu, na kule njiani Mariakani mpaka Mtito Andei wenye vihoteli wakawa wanaangalia barabara. Hakuna Mchina aliyekuja na funguo. Maji yalikauka pole pole tu. Na wakati hayo yakitokea sisi tuko vibarazani na kahawa twabishana kama bandari imeuzwa ama haijauzwa, na aliyesaini alikuwa na raha zake, manake hilo swali analijibu kwa neno moja, "haijauzwa", na anasema kweli. Riba, mizigo, kesi Beijing, hayo hakuulizwa.

Ya chanjo nitasema kwa ufupi. 2014 maaskofu wa Katoliki walisema chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikidungwa wanawake ina homoni ya kufunga kizazi, wizara ikakataa, WHO na UNICEF wakakataa. Watu wakauliza mbona wanawake peke yao, na kwa kweli swali si baya, ila jibu lilikuwepo: mama akidungwa kinga humfikia mtoto tumboni, na pepopunda huua watoto wachanga kupitia kitovu. Hawakutuelezea vizuri, wakaja na masindano, ndiyo tabu yao. Shangazi yako Mwanasha alidungwa mwaka ule na wale mapacha wake walizaliwa baadaye, hapa nilipo wameshavunja vikombe viwili. Najua shangazi yako si utafiti, usinianze. Lakini fikiria njama hiyo yahitaji manesi wangapi wanyamaze, na manesi wenyewe ni dada zetu, nao pia walidungwa.

Kwa hivyo mtu akikutumia kitu muulize nani, lini, karatasi iko wapi. Akikasirika kwa hayo maswali, mwache na simu yake. Serikali nayo iulize hivo hivo, una haki, kifungu cha 35 cha katiba ya 2010 na sheria ya kupata habari ya 2016, waandika barua ya kawaida tu na wana siku 21 za kukujibu. Hawatakujibu kwa haraka. Andika tena, weka kopi.

Ile pdf ya mkataba iko kwa simu yangu, nitakutumia WhatsApp, ni ndefu na inachosha, anzia pale pa kesi. Ukimaliza nipigie tubishane. Na mamako auliza Idi waja ama huji, anataka kujua apike biriani ya watu wangapi.

Babako