Limau si "kali" tu: kuwafundisha watoto maneno ya ladha

Nafundisha Kifaransa watoto wa miaka sita na saba hapa Bukavu, mashariki mwa Congo. Mwaka wangu wa kwanza nilichora ubaoni limau, pilipili, pipi na kikombe cha kawa, watoto wakakariri vizuri sana. Wiki iliyofuata nikauliza limau lina ladha gani. Karibu darasa zima: "Piquant!", yaani linawasha kama pilipili.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba watoto walikuwa wanatafsiri kwa uaminifu. Nyumbani limau ni kali, pilipili ni kali, dawa ni kali, hata kasiksi, pombe ya ndizi ya wakubwa, ni kali. Neno moja linabeba yale ambayo Kifaransa kinayagawa: acide (chachu), amer (chungu), piquant (ya kuwasha). "Tamu" nayo ni hivyo hivyo. Mtoto akisema sombe (kisamvu) ya mama ni tamu, hasemi ina sukari.

Kwa hiyo walimu wenzangu, anzeni na Kiswahili chao. Mimi natumia siku mbili nzima bila neno hata moja la Kifaransa. Limau tunaliita chachu. Chungu ni chai iliyochemka mno bila sukari. Tamu tunaiachia muwa. Chumvi, ambayo wengi wao wanaiita munyu, haisumbui. Kali inabaki ya pilipili peke yake. Maneno haya yakishatengana mdomoni, ya Kifaransa yanapata pa kukaa.

Na waonje kweli. Muwa na malimau nanunua soko la Kadutu, kila mtoto anakuja na kijiko chake, mikono inanawishwa. Siku moja kabla naongea na wazazi: kuna mtoto anayevimba akila kitu fulani, na kuna familia zisizogusa chai wala kawa kwa sababu ya imani.

Kwa uchungu, kumbukumbu inatosha. Nauliza nani ameshameza kinini, dawa ya malaria, na nyuso zinakunjamana kabla mikono haijainuka. Dawa usiionjeshe darasani kamwe. Waambie tu kwamba inatoka kwenye gome la mti, na kwamba miti hiyo inalimwa hapa hapa Kivu. Wanashangaa, na neno amer halisahauliki tena.

Pilipili siionjeshi pia. Si ladha kama zile nyingine: kinachowasha ndani yake huamsha mishipa ya fahamu inayohisi moto na maumivu. Ndiyo maana inachoma hata jicho, na jicho halionji. Mtoto aliyewahi kujipangusa macho baada ya kushika pilipili anaelewa mara moja.

Kama kitabu chako kina ile picha ya ulimi uliogawanywa, utamu mbele, uchungu nyuma, ipite. Ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani Hänig wa 1901. Weka chumvi kidogo mbele ya ulimi, kisha pembeni, watoto wajionee wenyewe.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la tunda la marakuja. Wanabana pua, wanaonja: tamu na chachu, basi. Wanaachia pua, na marakuja yenyewe inafika. Hapo ndipo nawapa neno odeur, yaani harufu, kwa sababu wanalihitaji.

Ladha ya tano, ile Ikeda wa Japani aliyoipa jina umami mwaka 1908, siiandiki ubaoni. Nawaonjesha mchuzi wa sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani, na nyanya, nawaachia waipe jina. Mwaka huu wameiita "ya sambaza", na mimi naitumia hivyo hivyo.