Ngannou, Mchanga wa Batié na Maswali Yenu

Jumamosi tuliweka ile pambano ya zamani ya MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja) ya Francis Ngannou wa Kamerun na Stipe Miocic wa Amerika kwa TV ya jim hapa Nakuru, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache, yale ya kubeti nimeyaruka.

Kocha, hii stori ati Ngannou alikuwa anachimba mchanga ni ukweli ama ni kiki tu? (Kondele, Kisumu)

Ni ukweli bana. Jamaa ni wa Batié huko Kamerun, amezaliwa 1986, na akiwa bado mtoto alikuwa kwa machimbo ya mchanga na sepetu mkononi kwa sababu nyumbani pesa haikuwa. Ndondi ameanza na miaka 22. 2012 akatoka kwao, akapita Nigeria, Niger, Algeria mpaka Moroko, na huko ndio alikaa sana, anajaribu kuvuka bahari na boti ya mpira, anashikwa, anatupwa jangwani, anarudi tena, mpaka akaingia Uhispania na hata huko wakamfungia ndani kama miezi miwili. Paris alifika 2013 akalala kwa maegesho ya magari. Alikuwa anatafuta ndondi, ni kocha Fernand Lopez wa MMA Factory, jim ya huko Paris, alimvuta kwa huu mchezo, na kufika Desemba 2015 tayari alikuwa anapigana UFC, ile ligi kubwa ya MMA. Hesabu mwenyewe.

Mimi nachonga mawe kwa kware, nainua jiwe lenye watu wawili wanashindwa nalo. Si hiyo nguvu inatosha? (Bahati, Nakuru)

Haitoshi, na nisikudanganye. Tuko na kijana hapa wa kazi kama yako, mabega kama mlango, siku ya kwanza nikamweka kwa mkeka na makanga mmoja wa matatu ya Njoro, kembamba, kilo ni kama 60 hivi. Jamaa wa mawe akamrukia na nguvu yote, makanga akateleza chini, akashika mguu, wote wawili pu, na kabla tumalize kucheka mkono wa makanga ulikuwa chini ya kidevu na huyu mkubwa anagonga mkeka aachiliwe. Alikaa pale kwa ukuta akihema, sekunde arobaini tu na pumzi imeisha. Akaniuliza, "Kocha, amenifanyia nini?"

Sasa hicho ndio kilimpata Ngannou Januari 2018 kule Boston. Mwezi uliotangulia alikuwa amemlaza Alistair Overeem na ngumi moja ya kutoka chini, kila mtu anamwogopa, halafu Miocic akamchosha, akamwangusha na kumlalia raundi 5 nzima, majaji wote watatu wakampa Miocic 50-44. Ukienda kuona ng'ombe wakipigana Kakamega utaona hii kitu, yule anakuja mbio na pembe chini si ndiye huwa anashinda, ni yule amepanda miguu akangoja.

Chenye mimi humpendea huyu jamaa ni venye alirudi kusoma. Machi 2021 Miocic akajaribu tena kumwangusha, Ngannou akakataa kuanguka, raundi ya pili akamlaza na mkanda wa ubingwa wa UFC uzito wa juu ukaenda Kamerun. Halafu Januari 2022 na Ciryl Gane, goti imeumia, raundi 2 za kwanza amepoteza, akabadilisha mchezo akaanza kumwangusha Gane kwa mieleka! Yeye mwenyewe, mtu wa ngumi. Mimi hiyo pambano naipenda kuliko nokauti zake zote.

Kwa nini aliachia mkanda na hakuna mtu amemnyang'anya? (Kakamega)

Mkataba. Alitaka ruhusa ya kupigana ndondi, pia bima ya afya kwa wapiganaji, hawakuelewana na UFC, Januari 2023 akatoka. Wengi walimwita mjinga. Oktoba mwaka huo huo akaangusha Tyson Fury, bingwa wa ndondi uzito wa juu, chini raundi ya tatu kule Riyadh.

Na hiyo ya Fury, si alishinda? (Naivasha)

Kwangu alishinda. Majaji wawili walisema Fury, mmoja akasema Ngannou. Lakini Anthony Joshua, bondia wa Uingereza, alimlaza raundi ya pili Machi 2024, hiyo hatubishani.

Nina miaka 24, nimechelewa? (Kaptembwo)

Ngannou mwenyewe pambano yake ya kwanza ya MMA alikuwa na 27, so hapana. Ila usianze na ngumi. Kuja Jumanne saa kumi na moja jioni na kaptura isiyo na zipu wala mifuko, kata kucha, kula mapema, na mwezi wa kwanza utakuwa unaanguka tu na kuamka. Mnene wa mawe na yule makanga watakuwa hapo, siku hizi wanashikana karibu dakika tatu kabla mtu agonge.