Kabla Hujaagiza Pampu: Kutengeneza Skidi Stia Kuukuu na Kutafuta Spea Zake

Pampu ya haidroliki niliyoagiza kwa ajili ya skidi stia yangu ilifika baada ya wiki sita, imefungwa vizuri ndani ya kreti ya mbao. Nikaiweka mezani kando ya ile ya zamani, nikahesabu meno ya shafti zote mbili. Ya zamani ilikuwa na meno 13, iliyokuja ina 15. Muuzaji alikuwa ameniuliza chapa na modeli ya mashine, nami nikampa hizo tu. Hakuna kati yetu aliyetaja namba iliyogongwa kwenye bodi ya pampu yenyewe. Na hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa nililibaini siku mbili baadaye: pampu ya zamani ilikuwa nzima.

Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote aliyenunua au kurithi skidi stia ya zamani, ile mashine fupi ya kuzoa udongo, kifusi na samadi, inayogeuka papo hapo kwa kuburuza magurudumu, ambayo wengi huiita Bobcat hata kama ubavuni imeandikwa jina jingine. Mashine hizi hazifi upesi. Nyingi huuzwa kama vyuma chakavu zikiwa bado na miaka ya kazi, kisa mwenyewe ameambiwa spea zake hazitengenezwi tena. Mara nyingi spea zipo, ila zinauzwa kwa jina ambalo halijaandikwa kwenye mashine yako.

Ukitazama ilikotoka, utaona kwa nini inatengenezeka. Mwaka 1957 ndugu wawili, Louis na Cyril Keller, waliokuwa na karakana yao huko Minnesota, Marekani, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga kipakiaji kidogo cha magurudumu matatu cha kusafishia banda. Kampuni ya Melroe ikaichukua kazi hiyo, na mwaka 1960 ikatoa M400 yenye magurudumu manne. Tangu wakati huo mtengenezaji hujenga chesisi, mikono na ndoo, kisha vingi vinavyobaki hununua kwa wengine: injini, pampu, mota, beringi, cheni. Bobcat 743, kwa mfano, ina injini ya Kubota V1702. Case 1845C ina injini ya Cummins ya silinda nne, lita 3.9. Kuna skidi stia za John Deere zilizotengenezwa na New Holland kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo ukikosa gasketi kwa mwenye chapa ya mashine, nenda kwa mwenye injini. Injini ina kibati chake, pampu ina chake, mota za magurudumu nazo zina namba zao. Ziko chini ya tabaka la grisi na vumbi lililoganda, basi leta brashi ya waya, dizeli kidogo na tochi. Piga picha kila namba kabla hujafungua nati hata moja. Namba ya chesisi nayo iandike, kwa sababu modeli moja ilibadilishwa vifaa njiani, na katalogi hugawa spea kwa kufuata namba hiyo. Pia ukiambiwa namba ya spea "imefutwa", uliza namba gani imechukua nafasi yake.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa wa mashine yangu, maana hapo ndipo pesa zangu zilipopotea.

Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Baada ya nusu saa, oili ikishapata moto, ilianza kupiga mluzi mwembamba, ikaishiwa nguvu kulia na kushoto, na mikono ikapanda kwa kusuasua. Fundi wa kwanza akasema pampu, nami nikakubali haraka. Ningetulia ningejiuliza: kulia, kushoto na mikono vimechoka kwa pamoja siku moja? Skidi stia ya haidroliki, yaani inayoendeshwa kwa presha ya oili, ina pampu mbili za mwendo, moja kwa kila upande, na kila moja inaendesha mota inayovuta cheni za magurudumu mawili ya upande wake. Mikono ina pampu yake ya gia. Vyote vikilegea pamoja, tafuta kinachovihudumia vyote: injini, belti au kaplingi inayozungusha pampu, kiwango cha oili, filta, mpira wa kunyonyea oili kutoka kwenye tangi.

Nilichota oili kwenye chupa ya kioo. Ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na chai. Nikaiacha usiku kucha. Kulipokucha ilikuwa safi, na chini hakuna tone la maji. Hilo lilinipa jibu: ingekuwa maji, ingebaki na ukungu au maji yangetuama chini. Hewa hupanda juu na kuondoka. Nikaushika mpira wa kunyonyea, nje mzima kabisa, hauna ufa. Nikaupasua kwa kisu kwa urefu. Ndani, utando wa mpira ulikuwa umebanduka upande mmoja na kuning'inia kama ulimi. Oili ikiwa baridi utando ulibaki umeshikana na ukuta, ikipata moto ukalainika, ukavutwa katikati na kuziba njia. Pampu ikakosa oili, ikavuta hewa kwenye klampu iliyolegea. Kipande cha mpira kisichofika urefu wa mkono wangu ndicho kilichonifanya ninunue pampu nzima. Njia ya kunyonya inahitaji mpira wa aina ya R4, wenye waya wa mzunguko ndani unaouzuia usibonyee. Ukifungwa mpira wa kawaida kwa sababu tu umeenea, tatizo litarudi.

Upande mmoja tu ukiwa dhaifu, kuna jaribio zuri. Inua mashine, iweke kwenye stendi imara chini ya chesisi, magurudumu yote manne yawe hewani. Zima injini, toa presha, kisha badilishana mipira ya mota za kulia na kushoto pale kwenye pampu. Udhaifu ukihamia upande wa pili, shida ni pampu. Ukibaki palepale, ni mota au cheni. Kumbuka tu kwamba wakati huo vishikio vya kuendeshea mashine vitaendesha upande usio wake. Ila kabla ya yote hayo hakiki viungo vya vishikio: fimbo iliyochakaa isiyoifikisha pampu mwisho wake humfanya mtu alaumu haidroliki bure.

Ukishajua kilichokufa, kipime. Vernia nzuri, ile rula yenye taya za kupimia, imeniokolea fedha kuliko kifaa kingine chochote. Beringi nyingi hazina siri. Namba 6205 ni tundu la milimita 25, nje 52, unene 15, haijali imetoka kwenye mashine gani. Kwa beringi za gololi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 ukizizidisha kwa 5 unapata tundu. Herufi zinazofuata nazo zina maana: 2RS ina mfuniko wa mpira pande zote mbili, ZZ ina wa bati. Oili sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isivuje kwenye shafti, hupimwa shafti, tundu inamokaa, unene, mfano 35 kwa 52 kwa 7. Lakini pitisha ukucha kwenye shafti pale sili ya zamani ilipokuwa inagusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja wiki hiyohiyo. Weka slivu nyembamba ya kufunika mfereji, au ikaze sili ndani kidogo ili mdomo wake uguse sehemu nyingine, ikiwa nafasi inaruhusu. Na o-ringi usichukue za mabomba ya maji. Nyingi ni za EPDM, aina ya mpira ambayo huvimba na kuharibika ndani ya oili ya madini. Omba za mpira wa nitraili.

Mipira ya presha, peleka ya zamani nzima ikiwa na vichwa vyote viwili. Kichwa cha aina ya JIC kina koni ya digrii 37, kingine kinachofanana nacho kina 45. Vinaweza kushikana kwa uzi na bado vikavuja. Kama vichwa vina kona, weka alama ya rangi kuonyesha vinavyoelekea, la sivyo mpira mpya utafungwa ukiwa umejikunja.

Pini na bushi za mikono sizitafuti mbali tena. Mkerezaji hodari anazitengeneza kwa siku moja. Mwambie bushi iwe laini kuliko pini, ili ichakae ile ya bei ndogo, na asisahau njia ya grisi. Pampu, mota na valvu sipeleki kwa mkerezaji wa kawaida. Humo uwazi ni mdogo kuliko unywele, na mkwaruzo mmoja unatosha kupoteza presha. Hivyo nunua vilivyokarabatiwa na wenye benchi la kupimia, au tafuta kwenye mashine iliyobomolewa. Unaponunua kilichotumika, omba picha ya kibati, hesabu ya meno ya shafti na picha ya matundu ya mipira. Muuzaji akikataa kupiga picha, acha.

Kuna mambo mawili sitaki uyachukulie kwa wepesi. Usiingie chini ya mikono iliyoinuliwa kabla hujaweka kizuizi chake cha chuma. Silinda ikipasuka, haikupi nafasi ya kuruka. La pili, usitafute kivujio kwa kiganja. Tumia kipande cha boksi. Oili ya presha hutoboa ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, mwanzoni hata haiumi sana, na ndani mkono unaharibika. Hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha.

Ukifunga pampu au mota mpya, usiwashe tu. Ijaze oili safi kwanza kupitia tundu la juu la bodi yake, badilisha filta, na kama ya zamani ilikufa kwa kumeguka, osha tangi na mipira yote, maana chembe zilizobaki zitaiua mpya. Zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake, mara chache kwa muda mfupi, kisha iwashe taratibu magurudumu yakiwa bado juu. Sogeza vishikio kidogo mbele, kidogo nyuma. Mwanzoni itanguruma na kutetemeka hewa inapotoka. Zima, ongeza oili, rudia. Mluzi ukikoma na oili kwenye kioo cha kupimia ikawa haina povu, ndipo uondoe stendi na kuishusha chini.